Kila kitu "kipande kidogo"? Hapana aisee

Mkuu umeuliza kama kwenye hadithi yako unaweza kuandika "kipande kidogo" kwa kila kitu. Unaweza, ila itachosha. Angalia kwanza kitu chenyewe kikoje. Nafaka ni punje, punje ya mchele, punje ya mahindi, na mchele uliovunjikavunjika mashineni ni chenga, wauza duka wote wanazijua hizo na bei yake iko chini. Mchanga na chumvi ni chembe. Maji, damu, mafuta ni tone, ukimeza mara moja hilo ni funda. Mti ukikuchoma kidoleni ni kibanzi, chungu kikivunjika ni vigae, moto unaoruka ni cheche. Sasa utamu uko kwenye vitu visivyoshikika, "hana hata chembe ya huruma", "sikupata hata lepe la usingizi", na hiyo lepe usiihamishe kwingine bana, ni ya usingizi tu. Ukitaka mhusika wako aonekane bahili tumia kiduchu, "kanipa kiduchu", msomaji anamjua hapohapo. Kipande kiachie nyama na sabuni, muwa wenyewe una pingili.