Baraza niliyoifunga vioo ikaota kawa

Nilifanya jambo ambalo wengi mtaani kwetu hapa Tanga wamelifanya: niliifunga baraza ya mbele kwa vioo vya alumini. Vumbi na mbu vilikuwa vimenichosha. Masika ya kwanza hayajaisha, mito ya kochi ikapata madoa meusi, mkeka wa ukili ukaota kawa, na mama alipokuja kutoka Pangani alisimama mlangoni tu akasema, "Mwanangu, humu mnanuka sanduku la marehemu."

Nikakimbilia rangi. Mpakaji akakwangua juu juu, akapiga rangi ya mafuta. Haikupita miezi miwili rangi ikatoka malengelenge, ukibonyeza, maji. Rangi ile haizuii maji yanayopanda kutoka chini, inayafungia mle mle ukutani.

Kabla hujatoa hela yako, jua kwanza maji yanatoka wapi. Kata kipande cha nailoni ukubwa wa sahani, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, kiache siku mbili. Matone yakiwa upande unaogusa ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wako na nyuma pakavu, ni wa hewani. Mimi nilibandika viwili, vikanipa majibu mawili tofauti.

La ukutani lilikuwa aibu. Tulipoweka pevingi nje, ardhi iliinuliwa ikapita kimo cha sakafu ya baraza, tena mteremko ukaelekezwa nyumbani. Kila mvua ilikuwa inaunywesha ukuta, na mimi nikaongezea kwa ndoo za maua nilizozipanga hapo hapo na kuzimwagilia kila jioni. Tuling'oa mistari mitatu ya pevingi, tukashusha udongo wa nje shubiri nzima chini ya kimo cha sakafu, tukajaza kokoto, tukafunga gata. Rangi ya mafuta tukaikwangua yote. Ukuta ukaachwa uchi kaskazi nzima, ndipo tukapaka chokaa, ambayo huuachia unyevu utoke, na ukali wake kuvu hawaupendi. Kama plasta yako ilichanganywa na mchanga wa bahari, hapo una kazi zaidi, maana chumvi huvuta unyevu hata siku isiyo na mvua.

La hewani nililigundua kwa kipima unyevu kidogo cha ukutani. Alfajiri za Aprili kilikuwa kinasoma 90 na kitu. Saa nane mchana, siku ya jua, 65. Kawa hustawi hewa ikishinda juu ya asilimia 70. Nami nilikuwa nafungua madirisha alfajiri nipate hewa safi, kisha nafunga mchana kukwepa vumbi! Sasa nafungua saa nne, jua likishapanda, nafunga kabla ya magharibi.

Ila dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu. Juu kabisa, pande mbili zinazotazamana, nilitoa vioo nikaweka luva, upepo uingie huku utokee kule. Chungulia pia reli za chini: zina vitundu vya kutolea maji, na vyangu vilikuwa vimezibwa kwa silikoni. Wavu wa mbu uoshe, vumbi likishikana hapo hewa haipiti. Kochi lisiegemee ukuta. Na nguo mbichi usianike humo, hata mvua ikikazana vipi.

Kuhusu kusafisha: funga barakoa, lowesha doa kabla ya kusugua ili vumbi lake lisiruke, na kama kuna mwenye pumu nyumbani, atoke kwanza. Kwenye vigae na vioo jiki iliyozimuliwa inatosha. Usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya sumu. Mbao mimi huziosha kwa sabuni na kuzianika juani. Mito ya sponji nilihangaika nayo wiki mbili, mwishowe nikaitupa. Ningeitupa siku ya kwanza.

Mama alikuja tena masika haya, akakaa mpaka jioni bila kusema neno. Vioo viwili vya upande wa kusi vimeegeshwa stoo, pale dirishani nimebakiza wavu mtupu, na deni la vioo hivyo bado nalilipa.