Safari ya wawili imegeuka ya watu kumi na mmoja

*Shangazi, shikamoo. Tunaishi Seeb, na Disemba hii mimi na mume wangu tunatimiza miaka 15 ya ndoa. Bila kuniambia, alitafuta kambi kule kwenye mchanga wa Sharqiya, Alhamisi hadi Jumamosi, mimi na yeye tu. Aliponionyesha picha za hema nilifurahi mpaka nikalia. Ijumaa tukila kwa mavyaa, akaitaja safari. Mavyaa akasema, "Jangwani wawili mnakwenda kufanya nini? Twendeni sote." Mume wangu akatazama sahani yake. Mimi nikacheka, nikasema karibu Mama. Sasa tumekuwa watu kumi na mmoja, gari tatu, na wifi yangu ameshanunua jiko la kuchomea mishikaki. Mara ya mwisho kukaa na mume wangu peke yetu garini ni siku tuliyompeleka mdogo wetu kung'olewa jino. Nataka kumwambia aifute safari yote. Nifanyeje? – Mama Watatu, Maskati*

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa miaka 15. Safari usiifute.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Umeiandika kama kwamba mwenye makosa ni mavyaa, lakini siku ile mezani yeye ndiye peke yake aliyesema anachokitaka. Mumeo alinyamaza. Wewe ulikaribisha kwa mdomo huku moyo unakataa. Angejuaje?

Mwishoni mwa barua, sehemu ambayo sikuichapisha hapa, umenigusia kwamba mavyaa alizaliwa Unguja, akaja Oman miaka ya 70 na watoto mkononi. Hapo ndipo nilipomwelewa. Watu wa rika lake mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 yaliwatawanya: ndugu mmoja Dar, mwengine Mombasa, mwengine Dubai, mwengine Uingereza. Sultani Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 na milango ikafunguliwa, wengi walifika Maskati hawamjui jirani, na Kiarabu chao ni cha msahafuni. Familia nzima kukaa sinia moja siku ya Ijumaa ni kitu walichokijenga upya kwa mikono yao. Mtu kama huyo akisikia mwanawe anaondoka wikendi bila wenzake, la kwanza kumjia ni kuwa anaachwa. "Twendeni sote" yake ilikuwa mapenzi.

Lakini mapenzi hayo hayampi nafasi ndani ya hema lenu. Miaka 15 ni yenu wawili, na mkikosa hata siku mbili za kuisherehekea, mtaanza kuishi kama wafanyakazi wa zamu moja: nani kamchukua mtoto skuli, nani kalipa umeme, basi.

Anza na mumeo, leo au kesho, watoto wakishalala. Usianze na mama yake. Mwambie kilichokutoa machozi ulipoziona picha zile, kisha umwambie kweli: "Niliposema karibu Mama, nilisema kwa haya." Mpe nafasi ajibu. Naamini na yeye ana donge lake, kwani mwanamume aliyehangaika kutafuta kambi ya siri hakuwa na nia ya kulala pembeni mwa jiko la wifi.

Kumwambia mama ni kazi yake yeye. Aende mwenyewe, ana kwa ana. Asimtume dada yake, asiandike WhatsApp, na wewe usiwepo. Maneno yawe mafupi: "Mama, safari ile niliipanga kwa ajili yangu na mke wangu, nikashindwa kukuambia siku ile. Naomba radhi. Nyinyi sote nitakupelekeni Ijumaa nyengine." Neno moja lisimtoke kabisa mdomoni: "mke wangu hataki." Hilo likishasemwa, utalisikia kwenye kila harusi na kila hitima kwa miaka.

Hiyo Ijumaa nyengine iwe ya kweli, na tarehe itajwe pale pale. Mpelekeni Ibra. Ipo njiani kuelekea huko huko mchangani, na yale majumba ya kale yaliyosimama pale mengi yalijengwa kwa mali iliyochumwa Unguja na mrima. Atayatazama kwa jicho ambalo sisi wengine hatuna. Kisha songeni hadi Bidiyah, mchanga unapoanzia. Wajukuu watateleza vilimani mpaka wachoke, bibi atandikiwe mkeka na birika lake la kahawa, na magharibi muwe mnarudi. Hilo jiko la wifi litapata kazi. Kwa mtu mzima hivi ndivyo afadhali, maana usiku wa Disemba kule una baridi, na kutembea kwenye mchanga gizani kutafuta choo si jambo la magoti ya bibi.

Sasa nyinyi wawili. Chukua shali nzito na soksi, usidanganyike na jua la mchana. Kama mumeo hajazoea kuendesha mchangani, asijifunzie siku hiyo. Wapigie wenye kambi waulize kama watakuja kuwachukua Bidiyah, gari lenu libaki mjini. Kama amezoea, atajua mwenyewe kupunguza upepo wa matairi kabla ya kuacha lami. Wanaume wengi wakiuona mchanga wanataka kupanda na kushuka vilima kutwa nzima. Mwachie asubuhi moja afurahi, na jioni gari lizimwe. Amkeni alfajiri, mkisha kusali tokeni mkatembee kabla upepo haujafuta nyayo za mende na mijusi waliopita usiku. Mtashangaa mchanga unaouona mtupu una wakaazi wangapi.

Na wewe nakuomba: madeni ya miaka 15 yaache Seeb. Najua ukimya ule unashawishi, mtu huona ndiyo fursa ya kutoa yote. Mkiyafungua usiku wa kwanza, wa pili mtalala mmegeuziana migongo. Muulize anachokiota, anachokiogopa, mambo uliyokuwa ukimuuliza kabla hamjazaa.

Akikataa kabisa kuzungumza na mama yake, niandikie tena, kwa sababu hapo shida yenu itakuwa imeshatoka kwenye habari ya jangwa.

Watoto waache kwa bibi yao. Nenda mwenyewe Jumatano ukamwombe, na umwombe dua ya safari. Usimkabidhi watoto kama mzigo: mwambie unajua kwake watalala wameshiba na wamesomewa. Ijumaa baada ya sala mpigieni simu, wote wawili, mumeo ndiye aanze kuzungumza.