Kabla Hujapulizia Mkuyu Dawa, Pasua Kuyu Moja

Nalikiri kosa mapema ili wewe usilirudie: niliwahi kupulizia mkuyu dawa ya wadudu. Nilikuwa nimepasua kuyu nikalikuta limejaa vidudu vyeusi vidogo, vingine vinatambaa, nikaona mti umeshambuliwa. Mkupuo uliofuata wa makuyu ulidondoka wote ukiwa mbichi, vitunda vigumu visivyozidi ukubwa wa gololi. Kumbe nilikuwa nimewaua washenga, halafu nashangaa ndoa haifungwi.

Kuyu, kwanza, ni kikapu kilichofungwa, na maua yamo humo ndani kwa mamia. Ndiyo maana hutauona mkuyu ukichanua. Nyuki hawezi kuingia, upepo hauwezi kuingia. Anayeweza ni nyigu mdogo mwenye urefu wa kama milimita mbili, na karibu kila aina ya mti wa jamii hii ina nyigu wake. Jamii yenyewe ina aina zaidi ya 750. Wa mkuyu, wataalamu humwita Ceratosolen arabicus.

Ukitaka kumwona, tumia wembe. Kisu huponda, na kila unachokitafuta humo ni laini. Tafuta pia lenzi ya kukuzia. Chuma kuyu moja kila baada ya siku mbili tatu kutoka mti uleule, kuanzia yakiwa machanga. Siku moja utakuta vipande vya mbawa vimenasa kwenye kitundu cha kileleni. Mimi nilidhani ni maganda. Ni mbawa za nyigu jike: mlango umebana kiasi kwamba zinakatika anapojipenyeza. Hatatoka tena.

Akiwa ndani hutaga mayai kwa kupitisha mrija wake kwenye shingo za maua. Ua lenye shingo fupi hupata yai na kuwa kitanda cha mtoto wake. Lenye shingo ndefu hawezi kulifikia hadi chini, hivyo huambulia chavua na kutoa mbegu. Sijui kama kuna mkataba mwingine wa kodi ya nyumba uliopimwa vizuri hivi. Akimaliza, anakufa humohumo.

Wiki kadhaa baadaye ndipo penye utamu, usikose kupasua. Madume huamka kwanza. Hawana mbawa, na ukiwaona huwezi kuamini ni ndugu wa wale majike. Huwapanda majike wangali wamefungiwa vitandani mwao, kisha kwa pamoja hutoboa njia ya kutokea kwenye ukuta wa kuyu. Wao hufa bila kuruka hata mara moja. Wakati huohuo maua ya kiume ndiyo yanakomaa, na majike hukusanya chavua kwa miguu ya mbele na kuitia kwenye vifuko viwili vya kifuani. Ndiyo, huijaza kwa makusudi! Halafu huruka, wakiwa na siku moja au mbili tu za kuishi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliofanywa kwenye mikuyu ya jangwa la Namib, ulionyesha kuwa wanaweza kusafirisha chavua hadi kilomita 160 wakibebwa na upepo. Wakishaondoka, ndipo kuyu hulainika na kuwa tamu, na popo na ndege hufika.

Jaribio lililonibadilisha ni la vifuko viwili vya kitambaa chepesi. Kimoja nilikifunga kwenye makuyu machanga kabla mlango haujafunguka: yote yalianguka. Cha pili nilikifunga kwenye makuyu yaliyokaribia kuiva, na asubuhi moja nikakuta nyigu wamejaa kitambaani.

Ila usiwasifu wote. Wenye mkia mrefu kama uzi hawaingii kuyu, hulidunga kutokea nje na kutaga bila kuchavusha. Ukiona sisimizi wakirandaranda juu ya makuyu, waache, maana huwawinda hao. Mgumu kumtambua ni Ceratosolen galili: huingia kwa mlango uleule, anafanana na mshenga halisi, lakini haleti chavua. Hapo hata kwa lenzi nimekosea mara nyingi.

Watu huniuliza kama tini za kula nazo zina nyigu. Aina nyingi zinazolimwa huiva bila kuchavushwa, kwa hiyo hapana. Tini za Smyrna ni tofauti. Zilipopelekwa California katika karne ya 19, zilidondoka kabla ya kuiva, kama makuyu yangu, mpaka nyigu wake, Blastophaga psenes, alipofanikiwa kuota mizizi huko mwaka 1899.

Kama ni lazima upulizie mimea iliyo jirani na mkuyu, pasua makuyu matatu kwanza. Ukikuta mbawa mbichi mlangoni, wageni wanaingia: ahirisha. Ukikuta madume wameamka, majike watatoka muda si mrefu: ahirisha pia. Katikati ya nyakati hizo nyigu wamejifungia ndani, na hapo ndipo ninapothubutu kushika bomba, tena siku isiyo na upepo, huku nozeli ikielekea chini.