Samaki na metali nzito: majibu ya maswali yenu

Nikimkaanga samaki hadi akauke kabisa, risasi iliyomo si inaisha? (Msomaji, Kisumu)

Haiishi. Kila mwezi swali hili linarudi. Moto unaua vijidudu, metali hauiwezi. Samaki anapokauka ni maji yanayopungua, na risasi inabaki ile ile katika kipande kilichonywea.

Maji ya bwawa langu yaligeuka kijani, jirani akaniambia nitie mrututu. Kesho yake ngege wote walikuwa wanaelea. Niliuziwa mrututu mbovu? (Mfugaji, Kakamega)

Mrututu ulikuwa mzima, ndugu yangu, ndiyo maana samaki wamekufa. Mrututu ni chumvi ya shaba. Ikiyeyuka hushambulia matamvua: samaki hutoa ute mwingi, hukosa pumzi, na chumvi ya mwilini mwake huvuja. Ukali wake unategemea maji. Maji yenye asidi na kalsiamu kidogo, yanayopatikana sana huko kwenu, hayana kitu cha kuizuia shaba. Alkali, yaani uwezo wa maji kupooza asidi, ikiwa chini ya miligramu 50 kwa lita, mrututu usiuguse. Wewe hukupima, ulimwaga tu. Kisha mwani uliokufa ukaoza na kumaliza oksijeni iliyokuwa imebaki.

Linaloniuma ni kwamba bwawa lako huenda halikuwa na shida yoyote. Ule ukijani ndio chakula cha ngege. Zamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Usipoviona vidole, punguza samadi na uongeze maji safi, basi. Sasa shaba imetua kwenye tope. Kausha bwawa, zoa tope la juu, tia chokaa kabla ya kuleta vifaranga wengine. Maji hayo yaelekeze kwenye nyasi. Ukiyafungulia kijito, wako watu chini yako wanaoteka.

Jioni mjini kwetu huuzwa samaki wa bei ya chini mno. Wauzaji husema wametoka Naivasha, majirani husema ni wa Ziwa Nakuru. Nitawatofautishaje? (Mama wa watoto watatu, Nakuru)

Kwa macho huwezi, mama. Samaki mwenye kadimiamu kwenye figo hung'aa kama mwenzake. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Maji huondoka kwa mvuke, lakini metali inayoletwa na Mto Njoro na mitaro ya mji hubaki humo humo. Tena ziwa limo ndani ya hifadhi ya taifa na kuvua humo ni kosa, kwa hivyo mwuzaji hawezi kukwambia ukweli hata ukimbembeleza. Nunua kwa mtu mwenye kibanda chake, unayeweza kumrudia kesho. Asiyetaja ufuo alikonunua, mwache na samaki wake.

Watoto wangu wamekulia mgongo wazi wa Obunga, ile mifupa ya mbuta inayobaki mnofu ukishatolewa. Ni kweli mifupa ina risasi? (Kisumu)

Risasi huiga kalsiamu, kwa hivyo hupenda mifupa kuliko mnofu. Usiache kula, toa matamvua na matumbo, na mifupa usiisage kuwa unga wa uji wa mtoto. Zebaki ndiyo hukaa kwenye mnofu, na mbuta mkubwa hubeba nyingi kwa kuwa amekula samaki wengine kwa miaka. Mjamzito amwache huyo, achague ngege au omena. Hasa ninyi wa Migori, ambako dhahabu husafishwa kwa zebaki kandokando ya mito.

Hukuuliza hili, lakini nalisema: omena ileile inaharibika inapoanikwa chini, kwenye vumbi la barabara, karibu na mafundi wa betri. Ianikwe juu ya nyavu zilizoinuliwa.

Magugu maji yanafaa kwa mbolea ya sukuma? (Nyakach)

Yaliyotolewa karibu na mji, hapana. Mizizi yake hufyonza metali.

Nina betri kuukuu ya gari. Asidi yake niimwage wapi? (Nyalenda)

Usiimwage popote! Asidi hiyo imebeba risasi. Uza betri ikiwa nzima, haijafunguliwa, kwa anayeipeleka kiwandani, na yule kijana anayezipasua kwa shoka nyuma ya nyumba mkatazeni leo, kwa ajili ya mapafu yake kwanza. Mto Auji unapita hapo Nyalenda na kwenda hadi kwenye mafunjo ya Dunga, wanakokulia vifaranga wa samaki, na kifaranga hufa kwa kiasi cha metali ambacho samaki mkubwa angekivumilia.