Tawi la Chama Linapodai Serikali Ipunguze Matumizi: Mahali pa Kuanzia

Kila msimu wa bajeti unapokaribia, matawi ya vyama vya siasa nchini Tanzania hutoa matamko yanayofanana: serikali ibane matumizi, viongozi wafunge mkanda, fedha ziende kwa wananchi. Nimewahi kuwa katibu mwenezi wa kata katika chama ambacho sitakitaja, kwa sababu ninayoyaandika yanawahusu wanachama wa vyama vyote, na katika kipindi hicho nimeandika na kusoma matamko ya namna hiyo mengi kiasi cha kujua yapi huishia kwenye makofi na yapi humfanya mkurugenzi wa halmashauri amwite mweka hazina ofisini. Ukali wa maneno hausaidii sana. Tamko linalosikilizwa ni lile linaloitaja kasma yenyewe, yaani kifungu cha matumizi ndani ya bajeti, linalopelekwa kwa mtu mwenye mamlaka ya kuipunguza, na linalofika kabla bajeti haijapitishwa.

Nianze na suala la muda, kwa sababu ndilo linaloyaponza matawi mengi. Mwaka wetu wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na Bunge hukaa Dodoma kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni likijadili bajeti. Redio na televisheni hujaa mjadala huo, na wanachama nao hudhani kwamba huo ndio wakati wa kupaza sauti. Kwa matumizi ya halmashauri, wakati huo umeshapita. Mpango na bajeti ya halmashauri huanza kuandaliwa miezi ya mwisho wa mwaka, baada ya mwongozo wa maandalizi kutolewa. Vipaumbele hutoka vijijini na mitaani, hupita kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, hufika kwa wakuu wa idara, kisha Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, na mwisho Baraza la Madiwani, ambalo kwa kawaida huwa limeshapitisha rasimu yake kabla wabunge hawajafungasha kwenda Dodoma. Tawi linalotaka kusikika liitishe kikao cha kujadili matumizi Oktoba au Novemba, wakati ambapo hakuna anayezungumzia bajeti na wajumbe wengi watauliza haraka ni ya nini.

Kikao hicho kinahitaji karatasi mezani. Asiyewahi kulishika kabrasha la bajeti ya halmashauri asivunjike moyo kwa unene wake. Sehemu kubwa ni majedwali, kila idara na kasma zake, kila kasma na tarakimu zake. Yanayomhusu mtu anayetafuta matumizi ya kubana ni machache na hujirudia: posho ya kikao, posho ya kujikimu, dizeli, matengenezo ya magari, viburudisho, ukumbi, mafunzo, uchapaji, sherehe na maadhimisho. Ugumu wake ni kwamba hayakai pamoja. Yametawanywa idara kwa idara, huku kidogo na kule kidogo, na kila kiasi ukikitazama peke yake huna sababu ya kukigombea. Katika tawi letu alikuwepo mwalimu mstaafu ambaye alichukua daftari la mistari, akalichora safu kwa rula, akaanza kunakili kasma ya viburudisho kutoka idara ya kwanza hadi ya mwisho, akiandika kwa penseli ili aweze kufuta. Alipojumlisha, kiasi kilichotoka kilikuwa kikubwa kuliko fedha zilizotengwa kwa ukarabati wa zahanati ya kata yetu. Diwani wetu, ambaye alikuwa amelipitisha kabrasha la namna hiyo mwaka uliotangulia bila kuuliza swali, alilitazama lile daftari kwa muda, kisha akasema, “Mwalimu, naomba niende nalo hili.” Mzee akamjibu, “Utaenda na nakala, mheshimiwa. Daftari linabaki tawini.”

Kuhusu namna ya kulipata kabrasha, njia rahisi ni kupitia diwani wa chama chenu, na kama hamna diwani, kupitia ofisi ya mtendaji wa kata. Mkinyimwa, andikeni barua rasmi yenye muhuri wa tawi mkiitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Nimeona barua ya aya mbili, yenye adabu na nakala kwa katibu wa chama wa wilaya, ikifungua kabati ambalo miezi ya kulalamika haikulifungua. Mikutano ya Baraza la Madiwani nayo ni ya wazi kwa wananchi, jambo ambalo wanachama wengi hawalitumii. Viti vya wasikilizaji hukaa vitupu huku watu wakibishana kijiweni kuhusu yaliyosemwa ukumbini.

Ukishaijua kasma, jiulize ni ya nani. Hapa ndipo matamko mengi hupotea, kwa sababu tawi humtaka diwani apunguze mambo ambayo hana mamlaka nayo. Mishahara ya watumishi hulipwa kupitia Hazina. Ruzuku ya miradi kutoka Serikali Kuu huja ikiwa imeshapangiwa kazi yake. Magari ya kifahari ya viongozi wa kitaifa, yale tuliyozoea kuyaita mashangingi, hayapangwi katika ukumbi wa halmashauri. Mahali ambapo diwani ana nafasi ya kweli ya kukata na kupanga upya ni kwenye mapato ya ndani, yaani ushuru, ada, leseni na tozo ambazo halmashauri inakusanya yenyewe, na hata hapo asilimia 10 imeshatengwa kisheria kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa hiyo tamko la tawi lielekezwe kwenye kile kinachobaki. Yale ya kitaifa yaandikwe kama azimio tofauti, lipande ngazi za chama hadi kwa wabunge wenu, na hapo ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ni silaha nzuri kuliko hotuba. Ripoti hiyo hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kuwasilishwa bungeni Aprili, na baadaye kila halmashauri hukaa baraza maalumu kujibu hoja za ukaguzi zinazoihusu. Tawi halihitaji kuisoma ripoti nzima. Kurasa zinazoitaja halmashauri yenu zinatosha kwa vikao vya mwaka mzima.

Ushauri mwingine ambao nimeuona ukifanya kazi ni kusema fedha zitakazookolewa ziende wapi. Desemba 2015, Rais John Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru, alielekeza fedha zake, shilingi bilioni 4, zipanue barabara ya Morocco hadi Mwenge jijini Dar es Salaam. Desemba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipozifuta sherehe hizo, shilingi milioni 960 zilielekezwa kwenye mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Sababu ya matukio hayo kukumbukwa ni kwamba kiasi kilitajwa na mahali pa kwenda palitajwa. Hata hivyo nisingependa tawi liige mfano huo lilivyo, kwa kuwa sherehe ni jambo la siku moja linaloonekana na kila mtu, na kulifuta ni rahisi. Posho ya kikao kinachojirudia kila mwezi haina jukwaa wala gwaride, na ndiyo inayokula zaidi.

Sasa nizungumzie hatari ambayo watetezi wa kubana matumizi hawapendi kuisikia. Halmashauri ikiambiwa kwa ujumla tu kwamba ipunguze matumizi, itapunguza kile kisicho na mtetezi. Wanaokata ni watu walioketi kikaoni, kwa hiyo posho ya kikao husalimika, na badala yake hukatwa mafuta ya gari la chanjo, safari za ufuatiliaji wa miradi, au fedha kidogo za afisa ugani za kuwafikia wakulima. Nimemwona afisa ugani ambaye pikipiki yake ilikuwa nzima kabisa, imefunikwa turubai nyuma ya ofisi ya kata kwa kukosa petroli, ilhali katika robo hiyohiyo ziara ya mafunzo ya madiwani kwenda mkoa mwingine ilitekelezwa kama ilivyopangwa. Matumizi yalikuwa yamebanwa kweli, na taarifa ilisomwa kwa fahari. Tangu hapo nimekuwa nikiwashauri wenzangu kwamba azimio la tawi liwe na safu mbili: kasma tunazotaka zipunguzwe, na kasma ambazo zisiguswe, kila moja kwa jina lake. Safu ya pili ndiyo itakayowachukulia muda mrefu wa kubishana, na ubishi huo una faida, kwa sababu unawalazimisha wajumbe kujua huduma zipi zinategemea fedha za halmashauri.

Kabla tamko halijatoka nje ya ofisi ya tawi, chama nacho kijitazame. Vyama vinavyopata ruzuku vinatumia fedha za umma, na hesabu zake hukaguliwa na mkaguzi yuleyule anayeikagua serikali. Mwananchi anayeusikia mwito wa kubana matumizi huku ameona msafara wa magari, spika kubwa na tisheti mpya za mkutano mmoja wa hadhara ana haki ya kucheka. Sisi tulibandika mapato na matumizi ya tawi ukutani, ada za wanachama na gharama za chai zikiwemo. Ilikuwa karatasi moja ya aibu kidogo, lakini iliwanyima wapinzani wetu jibu la haraka.

Jambo gumu kuliko yote ni diwani wenu mwenyewe, kwa sababu posho mnayotaka ipunguzwe ni sehemu ya kipato chake. Msimshtukize hadharani. Mwendeeni mapema, kwa faragha, mkiwa na takwimu, na mkubaliane naye ni kasma ipi anaweza kuisimamia bila kugombana na wenzake wote kwa siku moja. Kumbukeni pia kwamba madiwani wa chama hukutana kwenye kikao cha chama kabla ya baraza, na msimamo ukishawekwa huko, kinachofuata ukumbini mara nyingi ni kuinua mikono. Azimio lisilofika kwenye kikao hicho limechelewa. Mkutano wa hadhara unao umuhimu wake, na tangu katazo la mikutano hiyo liondolewe Januari 2023, fursa ipo, ilimradi polisi wa wilaya wapewe taarifa angalau saa 48 kabla. Lakini ninauweka mwisho, kwa ajili ya kuwaeleza wananchi kilichokubaliwa au kilichokataliwa na nani.

Bajeti ikishapita, msilale. Kasma iliyopunguzwa Februari inaweza kujazwa tena katikati ya mwaka wa fedha kwa uhamisho wa fedha kutoka kasma nyingine, tena kwa lugha nyepesi kama vile “kuziba pengo la uendeshaji”, na kwa uzoefu wangu maombi hayo huwa mengi taarifa ya robo ya pili inapojadiliwa, baada ya Desemba. Tawi limchague mwanachama mmoja mwenye subira ya kukaa na tarakimu, apewe nakala ya kurasa za kabrasha zenye kasma mlizozitaja na nauli ya kufika makao makuu ya halmashauri, awepo kwenye baraza la robo hiyo, na kikao cha tawi kinachofuata kianze na taarifa yake kabla ya ajenda nyingine yoyote.