Mzee wa Dodoso Anajibu: Wengi, Lakini Wengi wa Nani?

Barua tatu za safari hii zote zimetoka Mwanza. Walioziandika hawajuani, lakini wote wamekwama mahali pamoja.

Shikamoo Mzee. Mimi ni katibu wa umoja wa akina mama tunaoanika dagaa huku Ilemela. Wanachama tuko 180. Tulitaka kujenga chanja kwa mchango wa kila mwezi, tuachane na kuanika mchangani. Nikauliza kwenye kundi letu la WhatsApp: "Je, unaunga mkono chanja za kisasa kwa maendeleo yetu?" Wakajibu 41, na 36 kati yao wakasema ndiyo, yaani asilimia 88. Nilipoitisha mchango mkutanoni pakachafuka, utadhani hakuna aliyekubali. Sasa naambiwa nimepika takwimu. Sijapika! Je, nirudie swali hadi wajibu wengi zaidi?
*Katibu, Ilemela*

Marahaba, mwanangu. Hukupika kitu. Ukigawa 36 kwa 41 unapata hiyo 88 yako. Ila ukigawa 36 kwa 180 unapata asilimia 20. Wale 139 waliobaki hawakusema ndiyo wala hapana, na mkutanoni ndio waliokuja na sauti zao.

Hebu tuwatazame. Kundi la WhatsApp linataka simu ya kupangusa na kifurushi. Katika umoja kama wenu, mwenye hivyo viwili mara nyingi ni yule anayekusanya dagaa kwa magunia na kuwasafirisha kwa wanunuzi wa mbali. Kwake chanja ni faida ya wazi: dagaa wanakauka vizuri, hawana mchanga, bei inapanda, na mchango wa mwezi haumuumizi. Mwenye kitochi anayeanika beseni mbili atautoa mchango kwenye hela ya unga kabla hajaiona hiyo bei nzuri. Kwa hiyo kile kilichowaingiza watu kwenye hesabu yako, yaani uwezo, ndicho hichohicho kinachowafanya waseme ndiyo. Hapo ndipo upendeleo wa sampuli, yaani wa wale wachache unaowauliza kwa niaba ya wote, unapozaliwa. Kukosa watu peke yake si balaa kubwa. Balaa ni pale unaowakosa wanapokuwa na sababu ya kujibu tofauti na unaowapata. Wavu wa macho makubwa hauwezi kukuambia kama ziwani kuna dagaa.

Halafu uliuliza lini? Wewe ni mtu wa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, unajua kuliko mimi kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti na mitumbwi mingi inapumzika. Kama swali lilitumwa asubuhi ya siku za giza, anayeanika mwenyewe alikuwa ameinama juani, simu iko kwenye pindo la kanga. Aliyeajiri vibarua ndiye aliyekuwa na nafasi ya kubonyeza. Ukingoja mbalamwezi unakutana na tatizo la pili, maana baadhi wanakuwa wamerudi makwao, Ukerewe au Sengerema. Hakuna siku isiyo na kasoro. Gawanya maswali yako, mengine giza, mengine mbalamwezi.

Na swali lenyewe, samahani mama, lilikuwa la kampeni. Nani atajiandika hadharani kwamba anapinga maendeleo? Ungeandika hivi: "Uko tayari kutoa shilingi fulani kila mwezi kwa mwaka mmoja ili tujenge chanja, au tuendelee kuanika mchangani?" Kiasi kitajwe, na njia zote mbili zitajwe bila kupambwa.

Sasa hilo la kungoja wajibu wengi zaidi. Mwaka 1936 Marekani ilikuwa na uchaguzi wa rais, Franklin Roosevelt akipambana na Alf Landon. Jarida moja kubwa la huko, Literary Digest, lilituma kwa posta kadi za kura zipatazo milioni 10, na zikarudi zaidi ya milioni 2. Wakajumlisha, wakatangaza kwamba Landon atashinda kwa asilimia 57. Roosevelt akapata zaidi ya asilimia 60 na kuchukua majimbo 46 kati ya 48. Majina yao walikuwa wameyatoa kwa sehemu kubwa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na miaka ile ya ukata mkubwa simu na gari havikuwa vya kila mtu. Isitoshe, wengi kati ya waliotumiwa kadi hawakuzirudisha, na waliozirudisha walielemea upande wa Landon kuliko walionyamaza. Mpima maoni ya watu, George Gallup, aliuliza watu wachache sana kuliko hao, akiwatafuta kwa makundi yao, akamtaja mshindi sawasawa. Mwaka 1938 jarida lile lilikuwa limekwisha.

Kwa hiyo ukitoka 41 ukafika 65 kwenye kundi lilelile, utakuwa umeongeza uhakika wa jibu lisilo sahihi. Mimi hilo naliogopa kuliko sampuli ndogo, maana sampuli ndogo watu huitilia shaka wenyewe.

Fungua daftari la wanachama. Andika namba 1 hadi 180 kwenye vikaratasi, kunja, changanya kwenye beseni, mtoto achomoe 40. Hao 40 ndio wako. Wafuate mmoja mmoja, mwaloni au nyumbani, na asiyepatikana usimbadilishe na jirani yake, rudi tena. Wakikataa wachache, andika kwamba wamekataa, mkutano ujue. Ila kusema kweli, kwa watu 180 mimi ningepiga kura ya siri ya wote mkutanoni, yakaisha siku hiyohiyo. Sampuli ni ya pale usipoweza kuwafikia wote.

Mzee, mimi naishi Nyakato. Kila dereva wa bodaboda ninayemuuliza kijiweni ananiambia hajawahi kupata ajali mbaya, na wengine wako barabarani miaka mingi. Mbona magazeti yanatutisha?
*Msomaji, Nyakato*

Ndugu yangu, aliyepata ajali mbaya hayupo kijiweni. Amelala wodini, au amerudi kijijini na mguu wake uliovunjika, au ameshazikwa. Unahesabu waliobaki, kisha unashangaa kwamba wamebaki. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa na swali la aina hiyo: mtaalamu wa takwimu Abraham Wald alipochambua matundu ya risasi kwenye ndege zilizorudi, hoja yake ilikuwa kwamba zinazotufundisha zaidi ni zile zisizorudi.

Usikimbilie hospitali ya Bugando sasa ukawaulize waliolazwa. Huko utaambiwa kila aliyepanda bodaboda amevunjika. Anza na orodha ya zamani ya kijiwe, ya miaka kadhaa iliyopita, umtafute kila aliyekuwemo, popote alipo leo.

Shikamoo Mzee. Ni mwanafunzi, nafanya utafiti wa maji kwa kaya za Mabatini. Msimamizi anataka kaya 30 "kwa bahati nasibu". Nimepanga kusimama barabarani na kuingia nyumba yoyote nitakayokutana nayo. Inatosha?
*Mwanafunzi, Mwanza*

Marahaba. Haitoshi. Nyumba "yoyote" ukiwa umechoka ni nyumba iliyo karibu na lami. Nimefanya kazi ya udadisi, yaani kupita kwa watu na dodoso la maswali, na kusimamia wadadisi katika vilima vya mji huu, na nakuhakikishia kwamba mawe ya Mwanza yana upendeleo wao: jua likishakuwa kali, dodoso hujazwa chini na kaya za juu hugeuka "hawakuwepo". Na swali lako ni maji! Anayebeba ndoo kupanda mawe ndiye unayemtafuta, na ndiye utakayemkosa.

Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa uone orodha ya kaya. Usiiamini moja kwa moja. Orodha nyingi zinajua wenye nyumba na kusahau wapangaji wa vyumba vya uani. Tembea nayo uisahihishe, ukikumbuka kwamba kaya ni wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, hata kama paa moja lina vyungu vitano. Tuseme umepata kaya 240. Gawa kwa 30, unapata 8. Piga kura ya namba kati ya 1 na 8. Ikitoka 5, utakwenda kaya ya 5, ya 13, ya 21, hadi mwisho. Ukikuta mlango umefungwa, rudi jioni, rudi Jumapili. Anayeshinda nyumbani mchana hanywi maji kwa ratiba moja na anayeshinda sokoni.

Mwenyekiti akitaka kukusindikiza, mshukuru, akutambulishe mlangoni, kisha umwombe arudi. Mbele yake kila mtu atasema bomba la mtaa linatoa maji. Nimeona jambo hilohilo kwenye mialo: mdadisi aliyeshuka kwenye boti ya doria hapati hata mmoja anayetumia kokoro au timba, nyavu zilizopigwa marufuku, na nyavu zinaanikwa hatua chache nyuma yake.

Mwambie msimamizi wako akuongezee siku mbili za kupanda. Akikataa, andika kwenye ripoti kwamba kaya za juu hazikufikiwa, na uweke idadi yake.