Mkono wangu na gunia lililoloa

Nauza mahindi Kisenyi, hapa Kampala. Msimu mmoja lori kutoka Masindi lilifika turubai limechanika, mvua imenyesha njia nzima. Nikachanganya magunia usiku: makavu juu, mabichi chini. Hakuna aliyenifundisha, mkono ulikwenda wenyewe. Siku ya tatu mama mmoja mwenye kinu akarudi na gunia limeota ukungu. Hakunigombeza. Alilitua mlangoni, nikamrudishia pesa zake, na kwangu hakununua tena.

Kinachoniuma ni kwamba hadithi yenyewe niliijua tangu madrasa. Mtume (s.a.w.) alipita kwenye rundo la chakula sokoni, akaingiza mkono, vidole vikagusa unyevu. Muuzaji akasema limepigwa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu kilicholoa, watu wakione. Kisha akasema mwenye kudanganya hatokani naye. Imo katika Sahih Muslim, kitabu cha hadithi. Kuijua hakukunizuia.

Ndugu yangu mfanyabiashara, usingoje nafsi yako iwe njema ndipo uuze kwa haki. Wanauchumi wanasema mtu hufuata faida yake, na Qur'ani haikatai. Sura ya Al-Ma'arij inasema mtu ameumbwa na pupa. Al-Adiyat, kwamba kupenda kwake mali ni kukali. Faida haikuharamishwa. Aya ya 275 ya Al-Baqara imehalalisha biashara na kuharamisha riba papo hapo, na wanaoziendea zote mbili wana hamu ileile ya kuongeza mali. Kwa hiyo weka uzio mapema, kabla hamu haijakushika.

Mimi siku hizi namwaga gunia kwenye turubai mbele ya mnunuzi, ndipo tutaje bei. Mizani anasoma yeye. Deni naliandika siku hiyohiyo, hata la shemeji yangu (na hapo ndipo pagumu zaidi, maana huona kama simwamini). Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Al-Baqara, inahusu jambo hilohilo la kuandika deni. Zaka nilikuwa nangoja moyo ulainike, na haukulainika. Sasa nina tarehe maalumu katika Muharram: napiga hesabu, natoa asilimia 2.5, basi.

Mwezi uliopita lori jingine lililoa. Nikamwaga yote. Wanunuzi wawili wakaondoka, wa tatu akachukua kwa bei ya chini akayaanike mwenyewe. Nilipata hasara, na mkono uliniwasha vilevile kama ule usiku wa kwanza.